Muulize Shangazi: Kidani cha karabai nacho kinapata ruzuku?

*Shangazi shikamoo. Mi ni kijana wa Ujiji, miaka 27, nilianza kwa kumsaidia sonara mmoja pale Mwanga, kazi yangu kupuliza moto na kusafisha pete za watu, sasa hivi nafanya zangu. Nanunua karabai mbovu kwa wauza skrepa Kibirizi maana wavuvi wengi wamehamia taa za sola, nakata ile shaba, naifunga kwa uzi wa nyavu za dagaa, zinatoka vidani na hereni kubwa ambazo hata mwenyewe sijui niziite nini. Sokoni wananicheka, wanasema tunataka dhahabu sisi hatutaki taa. Juzi mshkaji kaniambia huko nje kuna watu wanatoa ruzuku na tuzo kwa vitu kama hivi. Kweli au ndo walewale matapeli? Na nianzie wapi, kiingereza changu cha kuombea maji tu.*
*Fundi Karabai, Ujiji*

Marahaba mwanangu. Nilicheka hapo kwenye kiingereza cha kuombea maji, halafu nikafungua zile picha ulizotuma nikaacha kucheka. Kile kidani chenye duara la shaba lililobaki na masizi upande mmoja, na mafundo kama ya mvuvi anayeshona wavu wake mwenyewe, hicho usikisugue kabisa. Acha masizi yake.

Haya, swali lako. Wapo kweli, na siyo wa jana. Kuna watu duniani wanaochukulia vito kama sanaa, yaani kitu hakipimwi kwa gramu za dhahabu, wanaangalia wazo na mkono wa fundi. Munich huko Ujerumani kuna maonyesho yanaitwa Schmuck toka 1959, na ndani yake kuna tuzo ya Herbert Hofmann toka 1973. Uholanzi wana tuzo ya Françoise van den Bosch, ilianza 1980 kumuenzi msanii wa vito aliyefariki mdogo tu. Marekani kuna chama kinaitwa Art Jewelry Forum, cha 1997, hii napenda ilivyoanza, ni wanunuzi na wakusanyaji wenyewe walikaa wakasema tusiishie kununua tu, wanachama wanachanga, hela inaenda kwenye tuzo na ruzuku, wanaandaa mihadhara wasanii waeleze kazi zao, halafu wanasafiri kwa makundi kwenda kutembelea karakana za wasanii. Kama harusi yetu tu, kila mtu na kadi yake ya mchango. Kubwa kwa hela ni ile tuzo ya kazi za mikono ya Loewe, kampuni ya mitindo ya Hispania, euro 50,000, kidani kinashindana na vikapu na vyungu. Ila wewe kwa sasa ningekuangalizia mfuko wa Prince Claus wa Amsterdam, wana tuzo ndogo ya euro 5,000 kwa wasanii wanaoanza, siyo ya vito peke yake, na hawakupangii uitumieje.

Sasa mbona sikwambii ukajaze fomu leo? Kwa sababu majaji hawakishiki kidani chako, kwanza wanaona picha, na picha zako mwanangu umepigia juu ya kitanda, maua ya shuka yanapiga kelele kuliko shaba. Piga asubuhi kivulini, karatasi nyeupe chini, moja ya karibu mpaka fundo lionekane, moja mtu amevaa, mwombe dada yako, maana kidani bila shingo bado ni skrepa. Andika upana kwa milimita, vifaa, mwaka. Maelezo andika kwanza kwa kiswahili chako hichohicho ulichoniandikia mimi, ndo utafute mwalimu akutafsirie. Na nakuomba usije ukaandika habari za "uzuri wa Afrika", hiyo majaji wameisoma mpaka wamechoka. Waambie ile karabai ilikuwa ya nani na imekesha ziwani miaka mingapi.

Matapeli: anayekupigia kwamba umeshinda kitu ambacho hukuomba, huyo mwizi. Anayedai ada ya kuingia siyo lazima awe mwizi, baadhi ya mashindano ya kweli yana ada, ila uliza kwanza nani walishinda mwaka jana uwatafute. Mi niliwahi kutuma hela kwa tuzo fulani bila kuuliza, mpaka leo nasubiri barua.

Na kwa hapa nyumbani jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ukiwa na usajili hata Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaweza kubisha hodi, ila kule mikopo, usije ukaichanganya na ruzuku ukanunulia pikipiki.

Ziara za karakana nazo usingojee wale wazungu wa Marekani. Wanaokwenda hifadhi ya Gombe wanapandia boti hapohapo Kibirizi unaponunua skrepa, na wengine wanakuja mpaka Ujiji kuona pale Stanley alipokutana na Livingstone 1871. Ongea na mtembeza wageni mmoja, wapitishe kwako nusu saa, wakuone unakata.

*Shangazi habari za leo. Bibi kaniachia masambo yake, zile bangili za waya za miguuni, muuza skrepa anataka kuyanunua kwa kilo. Niuze?*
*Mjukuu, Tabora*

Usiuze! Angalia vizuri, ule waya mwembamba kama uzi umezungushiwa kwenye singa za mkia wa mnyama, mzunguko kwa mzunguko, hakuna mashine hapo, ni vidole vya mtu. Kwa kilo utapata hela ya vocha. Tafuta mzee hapo Unyanyembe anayejua yalivyokuwa yanazungushwa, mkae naye, urekodi kwenye simu mikono yake, siyo uso tu. Huo ndo mhadhara wenyewe, hauhitaji ukumbi. Ukimaliza nitumie nimpe Fundi Karabai, maana kwenye picha zake nimeona waya wake bado mnene na unakatika kwenye kona.