Ijue LilyPad kabla hujaishona kwenye nguo

Nyinyi mnaoanza kushona taa na vihisi kwenye nguo, nawasihi jambo moja: bodi, yaani kikompyuta kidogo kinachoziendesha, ikae mezani kwanza muizoee, ndipo mshike sindano. Hapa Mombasa kushona si tatizo. Pita Biashara Street, hukosi fundi wa kukunja pindo likanyooka huku mnapiga gumzo. Kinachosumbua wengi ni bodi yenyewe.

Nazungumzia LilyPad Arduino, ndiyo niliyoizoea. Aliyeibuni ni Leah Buechley, na kampuni ya SparkFun ikaanza kuiuza mwaka 2007. Ni duara jembamba, upana wake milimita 50 hivi, limezungukwa na petali zenye matundu ya kupitishia uzi. Kariri mapema petali mbili, ya chanya na ya hasi. Bodi hii kuu haina kitu cha kupunguza volti. Umeme unaoipa unafika kwenye chipu, yaani ubongo wa bodi, vilevile ulivyo. Inataka volti 2.7 hadi 5.5. Ukiipachika betri ya volti 9, au ukageuza chanya na hasi, basi umeiua.

Haina tundu la USB, kwa hiyo nunua pamoja nayo kile kiunganishi kidogo cha pini sita cha kuiunganisha na kompyuta. Kwenye programu ya Arduino, ya kuandikia bodi maagizo, chagua LilyPad, usichague Uno, bodi nyingine ya Arduino: chipu hii inakwenda kwa megahezi 8, Uno kwa 16. Kisha iandikie maagizo ya kuwasha na kuzima taa ya pini 13, yaani petali namba 13. Hiyo tayari imo kwenye bodi, huhitaji kushona chochote.

Sasa uzi, na hapa msiwe na haraka. Uzi wa chuma cha pua unapitisha umeme, lakini una ukinzani mkubwa kuliko waya wa shaba, yaani huuzuia umeme zaidi. Ukiivutia taa uzi kutoka pindo moja la leso hadi la pili, itawaka kwa unyonge. Weka taa karibu na bodi, au pitisha uzi mara mbili. Kila petali izungushie uzi angalau mara tatu, uvute mpaka ukae imara, maana mshono uliolegea huwasha taa ukisimama na kuizima ukitembea. Ncha za fundo zikate fupi, uzipake rangi ya kucha isiyo na rangi; zikiachwa hufumuka zikagusa petali ya jirani, na hiyo ni shoti. Uzi huu hauna ganda kama waya, kwa hiyo nguo ikijikunja, chanya na hasi zinaweza kukutana. Mimi hupitisha chanya kwenye pindo la juu na hasi kwenye la chini, halafu napima kwa multimita, kile kipimo cha umeme, kuona kama hazigusani kabla ya kuunganisha betri.

Na jasho letu la pwani lina chumvi, nalo hupitisha umeme. Kihisi cha kugusa kilichofanya kazi vizuri mezani kitatoa namba za ajabu mgongoni mwa mtu anayetembea Kongowea saa saba mchana. Shonea kitambaa cha pamba upande wa ndani.

Kufua kunawezekana, kwa mkono na sabuni laini. Betri itoke kwanza, na usiirudishe hadi nguo ikauke kabisa, hata kwenye mishono.