Menya Punje Kabla ya Kuitupa: Ushauri kwa Anayechagua Mbegu Zake za Mahindi

Katika kufundisha baiolojia na kulima mahindi ya kienyeji, nimeona mara nyingi mbegu nzuri zikitupwa kwa sababu tu zilitoka na rangi isiyotarajiwa. Ushauri wangu kwa anayejichagulia mbegu ni kwamba, kabla hajaamua lolote kuhusu punje ya zambarau, nyekundu au yenye madoa, achukue moja au mbili kutoka hindi hilo, aziloweke hadi zilainike, kisha azimenye kwa ukucha ili ajue rangi imekaa katika tabaka lipi.

Ganda la nje ni sehemu ya mmea mama peke yake, hivyo wekundu ulio kwenye ganda huenea katika hindi zima na chanzo chake ni mbegu uliyopanda. Rangi iliyo chini ya ganda, katika tabaka jembamba la aleuroni au katika wanga wenyewe, huchangiwa pia na chavua. Kwa hiyo punje chache za zambarau zilizotawanyika katika hindi jeupe kwa kawaida huonyesha kwamba upepo umeleta chavua ya shamba jingine msimu huohuo. Dawa yake ni kutenga shamba la mbegu kwa umbali wa mita 200 au zaidi, au kupishanisha tarehe za kupanda ili mbelewele za huku zisikomae wakati ndevu za kule ziko tayari.

Hata hivyo, jirani yako anaweza kukuapia kwamba naye alipanda mahindi meupe, na akawa anasema kweli. Punje nyeupe si lazima ikose jeni za kutengeneza rangi. Antosiani, yaani ile rangi ya zambarau, hutengenezwa na vimeng'enya kadhaa vinavyopokezana kazi, na jeni za vimeng'enya hivyo huwashwa na jeni nyingine zenye kazi ya kuamuru, hasa C1 na R1, ambazo ni kama swichi mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja. Ikiwa aina moja nyeupe ina C1 mbovu na nyingine ina R1 mbovu, kila moja hubaki nyeupe shambani kwake, lakini zikichavushana swichi zote mbili hupatikana na zambarau hujitokeza.

Madoa ndiyo yanayostahili subira kubwa zaidi. Miaka ya 1940, Barbara McClintock, akifanya kazi Cold Spring Harbor nchini Marekani, aligundua kwamba kipande cha kromosomu alichokiita Ds kinaweza kuhama na kujipachika penye jeni ya rangi, na jeni hiyo ikazimika. Kipande kingine, Ac, kikiwepo, Ds hung'oka katika baadhi ya seli wakati punje inakua, na seli hizo pamoja na wazao wake hurudiwa na rangi. Kikitoka mapema doa huwa kubwa, kikichelewa huonekana nukta ndogo tu, kwa hiyo ukiwa na lenzi ya mkono unaweza kusoma wakati wa tukio kwa ukubwa wa doa. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1983, na naamini kila mwalimu wa baiolojia angepaswa kuwaonyesha wanafunzi wake hindi la namna hiyo.

Lakini si kila madoa ni ya jeni zinazohama. Mwaka 1970 Jerry Kermicle alionyesha kwamba R1 ya aina fulani, ikirithiwa kupitia mama, hujaza rangi punje nzima, ilhali jeni ileile ikiletwa na chavua hutoa mabaka. Ukitaka kujua, funika mahindi machanga kwa mifuko ya karatasi kabla ndevu hazijatoka, kisha chavusha kwa mkono pande zote mbili: mmea wenye rangi uwe mama mara moja na baba mara nyingine.

Nikitazama historia ya mazao, naona wakulima wa kale walipochagua rangi mara nyingi walibadilisha amri za kuwasha au kuzima jeni. Teosinte, mzazi wa mahindi kutoka Mexico, haina unjano katika wanga wa punje. Mahindi ya njano yalipatikana pale jeni Y1 ilipobadilika kwenye sehemu inayoiongoza, ikaanza kufanya kazi ndani ya punje pia. Majani hayakuguswa, maana jani la mahindi meupe nalo lina karotini, na bila hiyo jua lingeliharibu. Katika mpunga, wekundu wa punje za mwituni ulitoweka kwenye aina nyingi nyeupe kwa kupotea herufi 14 tu za DNA ndani ya jeni Rc, nayo ni jeni ya kuamuru.

Amri hizo husikiliza mazingira pia. Mahindi machanga yakigeuka zambarau kwenye majani, usiyang'oe kama mbegu mbaya. Pima kwanza fosforasi ya udongo, na ukumbuke kama kulikuwa na baridi. Punje yenye utando wa ukungu, uwe wa waridi, kijani au kijivu, hiyo si rangi ya urithi: iondoe kwenye mbegu, na usiile wala usiwape kuku.