Maswali ya Wafugaji: Ng'ombe na kondoo kwenye malisho mamoja

SWALI: Nina ng'ombe 4 wa maziwa na kondoo 10 kwenye ekari 5 za nyasi za kikuyu. Jirani anasema kondoo watamaliza nyasi na kuwaambukiza ng'ombe minyoo. Niwatenganishe? – Msomaji, Ol Kalou, Nyandarua

JIBU: Waache watumie malisho yale yale, kwa zamu. Watenganishe kwenye chumvi na chakula cha dukani, maana hapo ndipo kondoo hufia.

Madini ya kulamba na chakula cha ng'ombe wa maziwa huwekwa shaba kwa kipimo cha ng'ombe. Kondoo huitoa mwilini polepole mno, kwa hiyo hurundikana kwenye ini wiki nyingi, hata miezi, na mnyama anaonekana mzima. Siku akipatwa na msukosuko, kama njaa, baridi ya mvua au safari, ini huimwaga kwenye damu kwa mpigo. Utamkuta amejitenga na wenzake; ukifunua kope, ndani ni njano, na mkojo ni mwekundu wa kuiva. Mara nyingi hufa ndani ya siku moja au mbili, na wakati huo dawa haisaidii sana. Akipasuliwa, figo zake ni nyeusi. Kinyesi cha kuku wanacholishwa ng'ombe kina hatari hiyo hiyo.

Basi madini ya ng'ombe wape ndani wakati wa kukamua, mlango umefungwa. Malishoni weka chumvi ya kondoo isiyoongezwa shaba. Ng'ombe wakiilamba haiwadhuru.

Kuhusu nyasi, jirani hajakosea kabisa. Ng'ombe huzizungushia ulimi na kuzivuta, hivyo anahitaji nyasi ndefu; kondoo hung'ata karibu na udongo, na akiachwa sehemu moja muda wote atakwangua. Gawa shamba vipande 6 hivi. Ingiza ng'ombe nyasi zikifika kama sentimita 20, watoe zikibaki 10, kondoo wafuate, nao waondoke kabla hazijashuka chini ya 5. Watakula magugu ya majani mapana na zile nyasi za kandokando ya mavi ambazo ng'ombe huzikwepa.

Hiyo sentimita 5 ya chini ndiyo yenye lava wengi, yaani minyoo wachanga. Mnyoo mnyonya damu anayeua kondoo hastawi vizuri kwa ng'ombe mkubwa, kwa hiyo ng'ombe anapokula nyasi huwameza lava na kupunguza maambukizi. Ndama ndio wa kulindwa: wasipite nyuma ya kondoo. Minyoo ya ini ni habari nyingine, hushambulia wote wawili. Zungushia uzio sehemu za kinamasi zenye konokono.

SWALI: Nawapa kondoo dawa ya minyoo kila mwezi, bado wanadhoofika. Kwa nini? – Msomaji, Njombe

JIBU: Yaelekea minyoo imeizoea dawa, au unakadiria uzito kwa macho na kutoa pungufu. Pima kondoo mzito kuliko wote katika kundi la rika moja, dozi ifuate uzito wake. Kagua ndani ya kope kila baada ya wiki 2 wakati wa mvua: pakiwa pekundu, mwache; pakiwa peupe, au ana uvimbe chini ya taya, mtibu. Siku 10 hadi 14 baada ya kumtibu peleka kinyesi chake maabara kihesabiwe mayai. Yakiwa bado mengi, mwombe daktari wa mifugo dawa ya kundi jingine, si jina jingine la dawa ile ile.