Kwa nini njia ndefu ya baiskeli huonekana fupi?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Naishi Mwenge, Dar es Salaam, nafanya kazi Posta katikati ya jiji, na huwa naenda kwa baiskeli. Nikinyoosha na barabara kuu ya Bagamoyo mpaka mjini, nafika hoi na kichwa kinaniuma. Nikipinda Mikocheni, nikapita Msasani na mitaa ya Oysterbay hadi kutokea daraja la Salender, simu inaonyesha nimeongeza karibu kilomita mbili, lakini nafika nina nguvu na safari naiona fupi. Wenzangu wananiambia ni mawazo yangu tu. Je, kitaalamu kuna maelezo?

JIBU: Yapo, ndugu yangu, na mengi yanapimika. Kilomita za kwenye simu hazielezi unazipita wapi, na mwili wako unatozwa kwa mambo ambayo simu haiyahesabu.

Anza na kusimama. Wewe na baiskeli yako, tuseme mna kilo 85 kwa pamoja. Mkienda kilomita 18 kwa saa mnabeba nishati ya juli 1,060 hivi. Ukifunga breki nishati hiyo yote inaishia kuwa joto, na kuirudisha ni kazi ya miguu yako. Kwa hesabu yangu, kuondoka upya mpaka kuufikia mwendo ule kunakula nguvu ambayo ingekusogeza mita 70 hivi kwenye lami tambarare bila kusimama. Kwa hiyo njia yenye visimamo 30 zaidi ya nyingine imeshakutoza zile kilomita mbili ulizodhani umeziokoa.

Tena si lazima usimame kabisa. Ukipunguza mwendo kwa nusu tu, umepoteza robo tatu ya nishati uliyokuwa nayo. Daladala linalokukata mbele ya kituo linakufanyia hivyo hivyo. Unaijua ile hali: konda ananing'inia mlangoni, anapiga bodi mara mbili, na kabla hujajua kulia kuna nafasi au hakuna, basi limeshalala upande wako. Unafunga breki, unageuza shingo, unatafuta upenyo, unaanza upya. Kwenye mitaa ya ndani kuna matuta, ndiyo, lakini tuta unaliona kwa mbali na unajipanga.

Jambo la pili ni magari yanayokupita, na hapa watu wengi hukosea hesabu. Chukua barabara inayopitisha magari 600 kwa saa upande wako, wewe ukienda kilomita 15 kwa saa. Magari yakienda 60, yatakayokupita ndani ya saa moja ni 450. Yakienda 30, yatakayokupita ni 300, ingawa barabara inabeba magari yale yale 600. Sababu ni kwamba mwendo wako na wao umekaribiana, hivyo mengi yanabaki nyuma yako au mbele yako. Na kila linalopita linakuzidi kwa kilomita 15 kwa saa badala ya 45. Upepo wake ni mdogo, kelele yake ni ndogo, na dereva ana muda wa kukuona. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale ambapo magari na watu wa miguu au wa baiskeli wanachangamana mara kwa mara. Sheria yetu inaruhusu 50 kwenye maeneo ya makazi. Mimi naamini 50 ni kubwa mno kwa barabara isiyo na njia ya baiskeli iliyotengwa, na sitaacha kulisema hilo kila nikipewa nafasi.

Kichwa kukuuma hakunishangazi. Kwenye barabara kuu masikio hayakusaidii, kwa sababu muungurumo unafunika kila kitu, kwa hiyo macho yanafanya kazi mbili: kuangalia nyuma na kuangalia ukingo wa lami. Ukingo wenyewe unaujua: lami imemegeka, pembeni kuna mchanga uliolala, na kati yao kuna ngazi ambayo gurudumu likiteleza chini halirudi juu bila kukuyumbisha kuelekea kwenye magari. Mtu anayeendesha huku akichunga ukingo huo saa nzima amefanya kazi nzito ya akili. Mitaa ya Oysterbay inakuondolea mzigo huo, na gari linalokuja unalisikia kabla hujaliona.

Kisha kuna kivuli. Eneo lile lilipimwa enzi za ukoloni kwa viwanja vikubwa, na miti ikapata nafasi ya kukua. Lami ya Dar iliyo wazi jua la mchana inapita nyuzi joto 50 bila shida, na joto hilo linakurudia kutoka chini. Ukiwa unakwenda, upepo wa mwendo wako unakausha jasho. Ukisimama kwenye taa juani, upepo unakatika papo hapo na jasho linabaki mwilini, hasa kwa unyevunyevu wetu wa Februari. Kumbe kisimamo kimoja kinakutoza mara mbili: miguu na joto.

Wala si wewe peke yako. Huko Portland, Marekani, watafiti walifuatilia kwa GPS njia ambazo waendesha baiskeli wanazichagua, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Watu walikuwa tayari kuzunguka ili wakwepe vilima, kona nyingi na barabara zenye magari mengi.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, lakini ningependa ulizingatie zaidi ya yote. Mwaka huo huo wa 2012, watafiti wa Taasisi ya Mineta ya California walitoa kipimo cha ngazi nne za msongo wa barabara kwa mwendesha baiskeli. Kanuni yake kubwa ni kwamba njia haipimwi kwa wastani. Inapimwa kwa kipande chake kibaya kuliko vyote. Njia yako ni nzuri mpaka Salender, halafu unarudishwa kwenye magari yote ya barabara kuu. Wewe mzoefu unavumilia. Dada yako au mtoto wa sekondari atakitazama kipande hicho kimoja na kuiacha baiskeli nyumbani, na kivuli chote cha Oysterbay hakitamsaidia kitu. Tatizo kama hilo lipo Barabara ya Morogoro. Njia za baiskeli zilijengwa pamoja na barabara ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016, na katikati ya vituo zinapitika vizuri. Zikifika kwenye makutano, zinamezwa na bodaboda na magari yaliyoegeshwa.

Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, limeongeza njia ya kuvuka karibu na Salender, lakini liko wazi juu ya bahari. Wakati wa msimu wa kusi, ukielekea mjini utakutana na upepo usoni. Ukienda 18 dhidi ya upepo wa 18, upinzani wa hewa unakuwa mara nne ya ule wa siku isiyo na upepo.

Nawafikiria pia wauza mayai na wabeba mkaa. Mwenye mzigo unaofanya uzito wote kuwa kilo 170 anatozwa mara mbili yako katika kila kisimamo, na hawezi kuchepuka ghafla. Wateja wake wako barabara kuu, hivyo ushauri wa kupita mitaa ya ndani haumhusu. Yeye anahitaji barabara kuu yenyewe itengenezwe, na ndiyo sababu siwezi kuwaambia wahandisi wenzangu kwamba vichochoro vinatosha.

Kwako wewe, endelea na njia yako asubuhi. Ukikaribia Salender, angalia nyuma mapema, toa ishara ya mkono na ushike nafasi yako ndani ya njia kabla haijabana, usijibanze ukingoni ukawapa nafasi ya kukusukuma. Daladala likisimama, lipite kulia baada ya kuhakikisha nyuma ni salama. Kushoto kwake abiria wanashuka.

Jioni giza likiingia, fikiria upya. Mtaa wenye kuta ndefu na mageti yaliyofungwa hauna duka, hauna mama lishe, hauna mtu wa kukusikia ukiita. Kwa usiku ningepita Kijitonyama, kwenye vibanda na taa za biashara, hata kama ni kelele zaidi, na nikiwa na taa nyekundu nyuma ya baiskeli.