GTX 660, kerneli mpya na skrini nyeusi: draiva huria au ya kampuni?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina kompyuta ya mezani yenye kadi ya NVIDIA GeForce GTX 660. Kwa miaka mingi nimeitumia kwenye Linux kwa draiva ya kampuni, toleo la 470, bila shida. Juzi nilisasisha mfumo, kerneli mpya (moyo wa Linux) ikaingia, na sasa nikiwasha naona skrini nyeusi tu yenye kistari kinachowaka na kuzima. Rafiki mmoja ananishauri niiondoe draiva ya NVIDIA nitumie Nouveau, draiva huria ya kadi za NVIDIA. Mwingine anasema Nouveau ni nzito, nitajuta. Kazi zangu ni nyaraka, intaneti, video, na mara mojamoja Blender. Nimsikilize nani? Na nikiamua kubadilisha kadi, nimepata mbili zilizotumika: GTX 1060 na Radeon RX 570. Ipi draiva yake itadumu?

Jibu: Salama, ndugu. Kwa matumizi uliyoyataja, hamia Nouveau. Na ukinunua kadi, chukua RX 570, isipokuwa kama Blender ndiyo kazi yako kuu. Sababu zake nitazieleza, lakini kwanza tuirudishe kompyuta yako.

Kadi yako haijaharibika. Washa kompyuta, kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mwanzoni, ingia sehemu ya chaguo za ziada, kisha chagua kerneli ya zamani. Distro nyingi huacha angalau moja iliyotangulia. Ukishaingia, andika `dkms status`; DKMS ndicho chombo kinachojenga moduli za draiva kwa kila kerneli. Nina hakika karibu kabisa kwamba utakuta moduli ya nvidia 470 imejengwa kwa kerneli ya zamani na haikujengwa kwa mpya. Skrini kuwa nyeusi kabisa kuna sababu yake: kifurushi cha NVIDIA kinapowekwa huandika faili kwenye `/etc/modprobe.d` linaloizuia Nouveau isipakiwe, ili draiva mbili zisigombee kadi moja. Sasa moduli ya nvidia imeshindwa kujengwa na Nouveau bado imefungiwa nje, kwa hiyo kadi imebaki bila msimamizi.

Kwa nini ilishindwa? Kerneli ya Linux haiahidi kwamba miunganisho yake ya ndani itabaki ilivyo. Wasanidi wake hubadilisha majina ya vitendaji, huondoa vingine na kupanga upya miundo ya data kila wanapoona inafaa, na wanayemgusa wanamrekebisha hapohapo, mradi msimbo wake umo ndani ya kerneli. Draiva huria imo ndani. Anayebadilisha kitendaji leo analazimika kurekebisha na mistari ya Nouveau inayokitumia, hata kama kadi yenyewe hajawahi kuiona. Draiva ya kampuni iko nje, na kiini chake huja kimeshajengwa. Ni tabaka jembamba la kuunganisha tu ambalo msimbo wake uko wazi, na ndilo DKMS hulijenga upya kila kerneli inapobadilika. Kampuni ikiendelea kutoa matoleo, mambo huenda. Ikiacha, siku ya kukwama huja.

Kwa kadi yako siku hiyo imeshafika. GTX 660 ni ya kizazi cha Kepler, cha mwaka 2012, na tawi la 470, yaani mfululizo wa matoleo ya draiva, ndilo la mwisho kukihudumia kizazi hicho. Toleo lake la mwisho lilitoka 2024. Kabla yake Fermi iliishia tawi la 390, na kadi za GeForce 8 hadi 300 zikaishia tawi la 340. Watunzaji wa baadhi ya distro huendelea kutia viraka kwenye lile tabaka la nje ili 470 ijengeke kwenye kerneli mpya, nami nawashukuru kwa kazi hiyo, lakini hawawezi kugusa kiini. Likigundulika tundu la usalama ndani ya kiini, hakuna atakayeliziba.

Kuna pigo la pili ambalo watu hawalisemi. Mazingira ya Linux yanahama kutoka X11 kwenda Wayland, ambayo ni mifumo ya kuonesha madirisha kwenye skrini. GNOME 49, toleo la mazingira ya mezani lililotoka 2025, ilizima kikao cha X11 kwa chaguo-msingi. Wayland hutegemea njia ya kugawana picha iitwayo GBM. NVIDIA waliikataa kwa muda mrefu wakasimamia njia yao wenyewe, EGLStreams, kisha wakaikubali GBM kuanzia tawi la 495 mwaka 2021. Tawi hilohilo la 495 ndilo lililoiacha Kepler. Kadi yako ilikosa GBM kwa tawi moja. Kwa hiyo hata ukifaulu kuijenga 470 leo, utakuwa umejifungia kwenye X11. Nouveau inaitumia GBM bila tatizo.

Sasa huyo rafiki yako wa pili. Hajakosea, ila amesema nusu. Nouveau ilianza katikati ya miaka ya 2000 na kuingia kwenye kerneli 2.6.33 mwaka 2010. Iliandikwa na watu waliokaa wakitazama draiva ya kampuni inaandika nini kwenye rejista za kadi, kisha wakakisia maana yake na kujaribu, kwa kuwa nyaraka hawakupewa. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Kilichowasumbua zaidi ni kasi. Kadi inapowashwa huanza na kasi ya chini ili isile umeme mwingi, na draiva ndiyo huipandisha kazi inapozidi. Kepler mara nyingi huanza kwenye 324 MHz, ilhali GTX 660 imeundwa kwenda 980 MHz. Nouveau haipandishi kasi hiyo yenyewe. Anayeiweka na kuiacha hivyo anatumia theluthi ya kadi yake, kisha anasema draiva ni nzito.

Lakini kwa Kepler unaweza kuipandisha kwa mkono. Ukiwa mtumiaji mkuu, soma faili la `/sys/kernel/debug/dri/0/pstate`. Utaona ngazi kadhaa, kama 07 na 0f, na mbele ya kila moja kasi ya kiini na ya kumbukumbu. Kisha:

`echo 0f > /sys/kernel/debug/dri/0/pstate`

Kadi itapanda ngazi ya juu. Angalia joto kwa amri ya `sensors` na usikilize feni. Jaribu kwanza ukiwa umehifadhi kazi zako, kwa sababu kwenye baadhi ya kadi ngazi ya juu huleta kuganda. Mpangilio huu hupotea ukizima, kwa hiyo ukiona kadi imetulia, uandikie huduma ndogo ya systemd iuweke kila unapowasha. Kwa nyaraka na intaneti hata ngazi ya kati inatosha.

Kuhama kwenyewe si kugumu. Ondoa vifurushi vyote vya nvidia kupitia kidhibiti vifurushi cha distro yako, pamoja na mipangilio yake. Hakikisha kwenye `/etc/modprobe.d` hakuna faili lililobaki linaloizuia nouveau. Kama kuna `/etc/X11/xorg.conf` inayotaja draiva ya nvidia, iondoe. Tengeneza upya initramfs, faili linalotumika mwanzo wa kuwasha, kisha uwashe kwa kerneli mpya. Amri ya `lspci -k` ioneshe nouveau ndiyo inayotumika, na `glxinfo -B` ioneshe jina NVE6, ambalo ndilo Nouveau huiita chipu yako. Ukiona llvmpipe, michoro yote inafanywa na prosesa na kadi imelala. Rudia hatua hizo taratibu.

Utakosa vitu viwili. Kusimbua video kwa kadi kunahitaji fimuwea (programu inayoendeshwa ndani ya kadi) ambayo kwa Kepler lazima ichomolewe kutoka kwenye draiva ya kampuni. Mimi nisingejisumbua, kwani video ya 1080p prosesa ya kawaida inaimudu. Kingine ni CUDA, njia ya NVIDIA ya kufanyia hesabu kwenye kadi. Hapo hata 470 haikuwa na mengi ya kukupa: CUDA 11 iliyotoka 2020 ilishaziacha chipu za aina yako.

Kama bado unataka kubaki na 470, njia salama kiasi ni distro yenye kerneli ya muda mrefu, 6.1 au 6.6, na kikao cha X11. Itafanya kazi. Ila sikushauri kuitumia kompyuta hiyo kwa mambo ya benki au nywila za ofisi, kwa lile suala la usalama nililolitaja.

Tuje kwenye ununuzi. AMD ilipoinunua ATI mwaka 2006, mwaka uliofuata ilianza kutoa nyaraka za kadi zake kwa wasanidi wa draiva huria. Matokeo yake ni kwamba leo hii Mesa, mkusanyiko wa draiva huria za michoro, bado ina draiva ya r300, inayohudumia kadi kama Radeon 9700 ya mwaka 2002. Mfano ulio karibu zaidi ni familia ya Radeon HD 7000, rika la kadi yako. Upande wa Windows, AMD iliacha kuitolea draiva mpya mwaka 2021. Kwenye Linux bado inafanyiwa kazi: wasanidi, wengine wakilipwa na Valve, wamekuwa wakiitoa kwenye draiva ya zamani ya radeon na kuipeleka kwenye draiva mpya ya amdgpu, ambako inapata Vulkan, njia ya kisasa ya michoro, kupitia draiva ya RADV. Kampuni imeshaachana na kadi, lakini msimbo uko mikononi mwa wanaoitaka. RX 570 tayari iko kwenye amdgpu, na hutaweka draiva yoyote kwa mkono.

Nisikufiche, hata draiva huria huondolewa. Mesa 22.0, mwaka 2022, iliziondoa draiva za Radeon za kwanza kabisa pamoja na i965 ya Intel, zikahamishiwa tawi la pembeni liitwalo Amber. Hata hivyo kadi za Intel zilizoguswa zilishaandikiwa draiva mpya, crocus, na Amber yenyewe iko wazi kwa yeyote anayetaka kuijenga.

GTX 1060 ni kadi nzuri iliyo mahali pabaya. Tawi la 580 ndilo la mwisho kuihudumia. La 590 haliitambui tena. Ungedhani Nouveau ingeipokea kama inavyoipokea yako, lakini hapana. Kuanzia GTX 900, NVIDIA waliweka sharti kwamba fimuwea inayosimamia kasi iwe na saini yao, na fimuwea hiyo hawakuitoa kwa Nouveau. Kwa hiyo GTX 900 na GTX 1000 hubaki kwenye kasi ya kuwashia, na ile amri ya pstate haisaidii. Kuanzia kizazi cha Turing cha 2018, kadi ina kichakata chake cha ndani, GSP, kinachosimamia kasi chenyewe kwa fimuwea iliyotolewa, na Nouveau inakitumia tangu kerneli 6.7 ya Januari 2024. Kadi ya zamani kama yako ina mlango wa mkono, mpya ina GSP, na hiyo ya katikati haina kimojawapo.

Kuhusu Blender: kutengeneza modeli kwenye RX 570 hakuna tatizo, lakini Cycles, injini ya Blender ya kukokotoa picha, haitaitumia kadi hiyo. Blender 3.0 iliondoa OpenCL, njia ya kukokotoa kwa kadi, mwaka 2021, na HIP ya AMD iliyochukua nafasi yake haizihudumii kadi za Polaris, kizazi cha RX 570. Itabidi prosesa ifanye kazi hiyo. GTX 1060 inaifanya vizuri kwa CUDA, mradi tu uko kwenye tawi la 580. Ikiwa Cycles ni kazi yako ya kila wiki, ziache zote mbili utafute GTX 1650 au nyingine yoyote ya Turing. Hiyo inakubaliwa na draiva ya kampuni inayoendelea, na siku kampuni itakapoiacha, Nouveau itaweza kuiendesha kwa kasi yake kamili.