Maswali ya Wasomaji: Vifungo vya Molekuli na Kazi za Seli

Barua tulizozichagua safari hii zimetoka kwa wanafunzi wanaoanza masomo ya sayansi ya viumbe. Kila mmoja ameuliza lake, lakini maswali yao yote yanarudi kwenye jambo moja, ambalo kwa maoni yetu halipewi muda wa kutosha darasani: atomu na molekuli hushikwa na nini, kwa nguvu kiasi gani, na hutokea nini mshiko huo unapoachia.

Swali: *Tumefundishwa kwamba molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Je, mapovu ya maji yanayochemka ni haidrojeni na oksijeni zilizoachana? Mwenzangu anashikilia kwamba ni hewa ya kawaida.*

Jibu: Mwenzako amepata sehemu ya jibu. Ukiyaangalia kwa makini maji yaliyoanza kupata uvuguvugu ndani ya chombo cha kioo, utaona mapovu madogo yamejibandika kwenye kuta za chombo muda mrefu kabla maji hayajachemka. Hayo ndiyo hewa: gesi zilizokuwa zimeyeyuka ndani ya maji hulazimika kutoka, kwa kuwa maji ya moto hayawezi kubeba gesi nyingi kama maji baridi. Mapovu makubwa yanayozuka chini na kupasuka juu maji yanapochemka ni kitu kingine kabisa. Ni mvuke, yaani maji yaleyale, kila molekuli ikiwa bado na atomu zake tatu. Shika kioo baridi juu ya mvuke huo na utaona matone ya maji yakijikusanya. Kama yangekuwa mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni, mwali wa moto ulio chini ya chombo ungetosha kuulipua, na hakuna mtu ambaye angethubutu kuchemsha maji.

Ili kuelewa sababu, ni lazima tutenganishe aina mbili za vifungo. Ndani ya molekuli, oksijeni na kila haidrojeni zinachangia jozi ya elektroni, na hicho ndicho kifungo cha kovalenti. Mchango huo hauna usawa, kwa kuwa oksijeni huzivuta elektroni kwa nguvu zaidi. Upande wake hupata chaji hasi kidogo, na pande za haidrojeni hubaki na chaji chanya kidogo. Molekuli yenyewe imepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5 hivi, kwa hiyo chaji hizo hazifutani, na haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Mvuto huo wa jirani kwa jirani ndio unaoitwa kifungo cha haidrojeni, jina ambalo huwapotosha wanafunzi wengi wakadhani linahusu haidrojeni na oksijeni za molekuli ileile.

Tofauti ya nguvu kati ya vifungo hivyo viwili ni kubwa mno. Kuvunja moli moja (idadi maalumu ya chembe ambayo wakemia huitumia kuhesabia) ya vifungo vya kovalenti kati ya oksijeni na haidrojeni huhitaji takriban kilojouli 460, ilhali moli moja ya vifungo vya haidrojeni katika maji huhitaji kama 20 tu. Nyuzijoto 100 za Selsiasi zinatosha kuzitawanya molekuli, lakini hazikaribii kuzipasua. Anayetaka kutenga haidrojeni na oksijeni hupitisha umeme katika maji.

Hata hivyo, udhaifu huo usidharauliwe. Sulfidi ya haidrojeni ina molekuli iliyopinda kama ya maji na yenye uzito unaokaribia mara mbili, lakini huchemka kwenye nyuzijoto 60 hivi chini ya sifuri, kwa kuwa molekuli zake hazishikani kwa namna hiyo. Bila vifungo vya haidrojeni, maji nayo yangekuwa gesi katika halijoto tunayoishi. Utengano huohuo wa nguvu unaonekana katika DNA, molekuli inayobeba ujumbe wa urithi. Kila uzi wake umeunganishwa kwa vifungo vya kovalenti, lakini nyuzi mbili hushikana kwa vifungo vya haidrojeni, viwili kati ya adenini na thimini, na vitatu kati ya guanini na sitosini, ambazo ndizo herufi nne za ujumbe huo. Maabara inapotaka kunakili kipande cha DNA huanza kwa kukipasha joto hadi nyuzijoto 95 hivi, nyuzi mbili zikaachana huku kila uzi ukibaki mzima na mpangilio wake wa herufi ukiwa haujaguswa. Ukiulizwa kwenye mtihani kwa nini joto linalotenganisha nyuzi haliuharibu ujumbe uliomo, jibu unalo katika chombo cha maji yanayochemka.

Swali: *Kwa nini mafuta hukataa kuchanganyika na maji? Je, molekuli zake zinafukuzwa?*

Jibu: Hazifukuzwi. Molekuli za mafuta hazina pande zenye chaji ambazo maji yanaweza kuzishika, nazo molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, hivyo mafuta husukumwa pembeni na kukusanyika pamoja. Fosfolipidi, molekuli za jamii ya mafuta ambazo zina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili isiyopatana nayo, hujipanga zenyewe katika safu mbili, mikia ikiwa ndani na vichwa nje, na hapo utando wa seli huwa umepatikana bila vifungo vipya vya kovalenti kati ya molekuli hizo.

Swali: *Mwalimu wetu hukata alama tukiandika kwamba joto kali huua vimeng'enya. Kosa letu ni nini?*

Jibu: Mwalimu wenu yuko sahihi, ingawa tungependa aeleze badala ya kukata tu. Kimeng'enya ni molekuli, kwa kawaida protini, na hakina uhai wa kupoteza. Jambo hili liliwahi kubishaniwa sana na wanasayansi wenyewe, kwa sababu wengi waliamini kwamba uchachu ni kazi ya hamira iliyo hai pekee. Mwaka 1897 Eduard Buchner, mkemia wa Ujerumani, alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka katika hamira iliyosagwa, yakiwa hayana seli hai, bado yaligeuza sukari kuwa alkoholi na dioksidi ya kaboni. Mwaka 1926 James Sumner wa Marekani akapata fuwele za kimeng'enya kiitwacho urease na kuonyesha kwamba ni protini.

Kinachoharibiwa na joto ni umbo. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino uliokunjwa kwa namna mahususi, na mikunjo hiyo hushikiliwa kwa sehemu kubwa na vifungo dhaifu, vya haidrojeni vikiwamo. Halijoto inapozidi, mnyororo hutikisika hadi mikunjo inafumuka, na kijishimo ambamo kimeng'enya hushikia dutu kinayoifanyia kazi hupotea. Tazama ute wa yai ukiwekwa kwenye joto: unaanza ukiwa angavu na wenye kuteleza, kisha unaingia ukungu kwenye kingo, halafu unakuwa mweupe na mgumu. Minyororo ya protini haijakatika kuwa asidi amino. Imefumuka na kunasana, na ndiyo maana kuupoza ute huo hakuurudishi katika hali yake ya awali. Andikeni kwamba kimeng'enya kimepoteza umbo lake la asili, na alama zitabaki.

Baridi ni habari nyingine. Kimeng'enya kilichopozwa hupunguza kasi kwa sababu molekuli hukutana mara chache na kwa nguvu ndogo, lakini kwa kawaida umbo lake halidhuriki, na kikirudishiwa joto huendelea na kazi.

Swali: *Kitabu changu cha biolojia kinasema nishati ya ATP imehifadhiwa katika kifungo cha fosfati ya mwisho na hutoka kifungo kinapovunjwa. Mwalimu wa kemia anasema kuvunja kifungo hugharimu nishati. Nimwamini nani?*

Jibu: Mwamini mwalimu wa kemia. ATP ni molekuli yenye fosfati tatu ambayo seli huitumia kuendesha kazi zake. Hakuna kifungo cha kemikali kinachotoa nishati kwa kuvunjwa. Nishati hutumika kuvunja na hutoka vifungo vinapoundwa. Sentensi ya kitabu chako ni ufupisho uliozoeleka, na kwa maoni yetu madhara yake ni makubwa kuliko urahisi wake, kwa sababu humfanya mwanafunzi afikirie kifungo kama chombo kilichojazwa kitu ndani.

Kinachotokea ni mmenyuko kamili wenye pande mbili. ATP hukutana na maji. Kifungo kinachoshika fosfati ya mwisho huvunjwa, na kifungo kimoja cha molekuli ya maji nacho huvunjwa, kazi ambayo inagharimu. Papo hapo vifungo vipya huundwa, tukapata ADP, yaani molekuli ileile ikiwa imebaki na fosfati mbili, na fosfati iliyo huru. Mazao hayo yametulia zaidi kuliko yalikotoka, na sababu zake zinaelezeka. Katika hali ya seli ATP hubeba karibu chaji hasi nne zilizobanana kwenye fosfati tatu, na chaji hizo zinasukumana. Zikitengana msukumano hupungua. Fosfati ikiwa huru, elektroni zake husambaa kwa nafasi zaidi, na maji huizunguka vizuri zaidi. Ukijumlisha gharama na mapato, ziada ni takriban kilojouli 30.5 kwa moli katika hali sanifu. Ndani ya seli ziada hiyo huwa kubwa zaidi, mara nyingi karibu 50, kwa kuwa seli hudumisha ATP nyingi na ADP chache, mbali sana na kiwango ambacho mmenyuko ungekifikia kama ungeachwa wenyewe.

Hapo kuna jambo ambalo ufupisho wa kitabu hulificha. ATP ikimenyuka na maji hivihivi kwenye bomba la majaribio, nishati yote huishia kuwa joto, na hakuna kazi iliyofanyika. Vimeng'enya vingi huepuka hasara hiyo kwa kuihamishia fosfati kwenye molekuli nyingine moja kwa moja, kwa mfano glukosi inapoingia tu katika seli, na molekuli iliyopokea hupata uwezo wa kuingia katika mmenyuko ambao peke yake isingeuweza.

Glukosi yenyewe ifikirie kwa njia hiyohiyo. Haijajaa nishati iliyofichwa. Hutoa nishati kwa sababu kuna oksijeni ya kumenyuka nayo, na vifungo vya dioksidi ya kaboni na maji vinavyoundwa ni imara kuliko vile vilivyovunjwa.

Swali: *Tofauti ya pH 7.4 na 7.1 ni 0.3 tu. Kwa nini katika damu ihesabiwe kuwa hatari?*

Jibu: Kwa sababu vipimo hivyo havipandi kwa kujumlisha. Søren Sørensen, aliyebuni kipimo hiki cha uasidi mwaka 1909 akiwa Copenhagen, alikijenga juu ya logi: kila hatua moja kamili ni badiliko la mara kumi la ioni za haidrojeni, yaani atomu za haidrojeni zilizopoteza elektroni, na hatua ya 0.3 ni karibu mara mbili. Damu yenye pH 7.4 ina nanomoli 40 hivi za ioni hizo kwa lita. Ikishuka hadi 7.1 zinakaribia 80. Kiwango cha kawaida katika damu ya ateri ni kati ya 7.35 na 7.45.

Mwili hujilinda hasa kwa bikaboneti, ioni yenye chaji hasi iliyomo katika damu, ambayo hunyakua ioni za haidrojeni zinazozidi na kuwa asidi ya kaboniki, nayo hugeuka kuwa maji na dioksidi ya kaboni inayotolewa na mapafu. Figo hufanya kazi ya polepole zaidi, ya kutoa asidi na kurejesha bikaboneti.

Protini ndizo zinazoathirika, kwa sababu baadhi ya asidi amino zake hupokea au kuachia ioni ya haidrojeni kulingana na pH, na chaji ikibadilika, vifungo dhaifu vinavyoshikilia umbo hubadilika pia. Si kila badiliko la namna hiyo ni madhara. Hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, hulegeza mshiko wake kwa oksijeni pale ambapo ioni za haidrojeni na dioksidi ya kaboni zimeongezeka, jambo lililoelezwa na Christian Bohr na wenzake mwaka 1904, na kwa hiyo msuli unaofanya kazi ngumu, ambao ndio unaozizalisha kwa wingi, huachiwa oksijeni nyingi kuliko msuli uliopumzika.