Modeli ya jengo inasaidia matengenezo, ila si kama ulivyouziwa

Mkuu, umeuliza kama inafaa kulipia modeli ya kompyuta ili upange matengenezo ya nyumba yako ya matofali ya kufungamana na mianzi kule Kigamboni, au ni kuliwa hela tu. Nasimamia jengo la ofisi la ghorofa tatu pale Msasani, lenye vifaa hivyohivyo: matofali ya udongo na saruji yaliyoshindiliwa bila kuchomwa (yale wanayoyahimiza NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na ujenzi), lipu ya chokaa, na fremu za mianzi za kuzuia jua. Mwaka wa nne huu tuna modeli. Miwili ya kwanza haikutusaidia chochote.

Tulikabidhiwa faili ya msanifu, ya Revit, programu ya kuchorea modeli za majengo. Picha zinapendeza, jengo unalizungusha kama chungwa mkononi. Lakini ukibofya ukuta unajibiwa "ukuta, milimita 150" basi. Tofali gani, lipu gani, ilipigwa lini, hakuna. Fundi bomba akaja, akapasua ukuta wa choo, akaziba kwa saruji na kupaka rangi ya mafuta. Unyevu uliokuwa unapumulia kwenye chokaa ukakosa njia. Masika ilipoisha, lipu ya pembeni ikawa inabanduka kama maganda ya kitunguu. Simlaumu, nani alimwambia?

Ndipo mimi na kijana mmoja tukakaa jioni kwa wiki sita tunaijaza. Kila ukuta ukapata namba, kifaa, tarehe, upande unaotazama, na mwiko wake: "saruji marufuku".

Mianzi ndiyo iliyonifundisha. Dawa yake ni boraksi na asidi ya boriki. Inazuia kubunguliwa, ila huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mwanzi unaopigwa na mvua hupoteza kinga kidogokidogo. Sisi tulipanga vanishi kila miaka mitatu, jengo zima tarehe moja. Upande wa kusini mashariki, unaokula upepo wa kusi na chumvi ya bahari, haukufika hata miwili: ulikuwa kijivu na umeanza kupasuka. Upande wa pili bado unang'aa! Tukaipa modeli kazi inayoiweza kweli, yaani kupima upenu umetokeza kiasi gani juu ya kila fremu na mvua ya ubavu inafika wapi. Fremu 38 kati ya 112 zikaonekana zinalowa. Hizo tunazikagua kila Juni, na vanishi tunapiga Januari au Februari kukiwa kukavu. Nyingine zinasubiri zamu yao.

Fundi hafungui kompyuta, usijidanganye. Tunamchapia karatasi yenye ukuta wake na mwiko wake, akirudi anaandika alichofanya, kijana anaingiza siku hiyohiyo. Ukiacha miezi mitatu, modeli inaanza kukudanganya.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu, mimi nisingelipa. Jedwali la Exceli linatosha, au FreeCAD, programu ya kuchorea ambayo ni ya bure, ukiwa na kijana mwenye subira. Kama msanifu wako alitumia programu yake, mdai faili la IFC, yaani muundo wa pamoja wa modeli za majengo, linafunguka kwenye programu nyingi. Mdai kabla hujammalizia malipo, maana ukishalipa utapiga simu hadi uchoke.

Hebu niambie, upenu wako una upana gani, na mianzi ilitiwa dawa au ilikatwa tu ikafungwa?